Nilichokiona nikiwa mkiani

Siku moja kabla ya safari nilipeleka mabegi yangu kwa mangi wa mtaani kwetu, akayaweka kwenye mizani anayopimia viroba vya mchele. Kilo 14. Akayatazama mabegi, akanitazama na mimi, akauliza, "Dada, unahama?"

Sikuwa nahama. Nilikuwa naenda kupanda Usambara kwa baiskeli, kulala kwenye hema na kutembea msituni, siku tatu. Ndani ya zile kilo 14 kulikuwa na hema la watu wawili, sanduku la huduma ya kwanza, sufuria mbili, nguo, kanga mbili, na pochi ya fedha za kikundi, maana mimi ndiye mweka hazina. Nina miaka 43, kazi yangu ni hesabu, na goti langu la kulia hulia kama mlango wa stoo. Katika kikundi wananiita Mama Hazina. Jina jingine, ambalo wanadhani silijui, ni Mkia.

Tuko tisa, wanaume sita na wanawake watatu, na kila Jumamosi alfajiri tunaendesha kutoka Tegeta kwenda upande wa Bagamoyo. Barabara tambarare, upepo wa bahari, supu ya kuku mwishoni. Mlima mkubwa tunaoufahamu ni Wazo, na huo wenyewe unaliwa na kiwanda cha saruji kila kukicha. Watu wa namna hiyo ndio tulioamua kwamba, kwa kuwa Sabasaba ya mwaka 2025 iliangukia Jumatatu, mapumziko yale tuyamalizie Lushoto. Fikra hiyo ilitoka kwa mwenzetu mzaliwa wa Bumbuli, ambaye kila akila kiazi Dar es Salaam husema hiki si kiazi.

Ijumaa usiku tulikodi Kosta. Baiskeli zilipanda juu ya keria, zikatenganishwa kwa magunia na maboksi zisikwanguane, zikafungwa kwa kamba za mpira. Somo la kwanza lilitufikia hata kabla ya Chalinze: ng'oa pedali kabla hujalaza baiskeli juu ya nyingine. Pedali ya mmoja ilikata spoku mbili za mwenzake, na fundi wetu akaanza safari kwa kununa. Namwita fundi kwa sababu ndiye anayejua. Kazi yake hasa ni kuuza vipuri vya pikipiki.

Mombo tulifika saa kumi alfajiri. Wanaosafiri njia ya Arusha wanaijua Mombo, mji wa mabasi kusimama watu wale. Saa hiyo mama ntilie walikuwa ndio kwanza wanachochea majiko. Tulikunywa chai ya tangawizi kwa chapati, tukafunga mizigo, na kulipopambazuka ukuta wa mlima ukawa umesimama mbele yetu. Nilikuwa nimeupita mara nyingi nikiwa ndani ya basi. Ukiwa kwenye basi ni mandhari.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33. Unaanzia mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, unaishia kwenye 1,400 hivi. Barabara ni ya lami ila ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima: kushoto mwamba, kulia korongo lenye mto, na kila kona inaweza kuwa na basi linaloshuka huku likipiga honi. Bega la barabara halipo. Tulikubaliana tuendeshe mmoja nyuma ya mwingine, vizibao vya kung'aa mwilini, na hakuna muziki masikioni.

Mpangilio ulikuwa wetu wa siku zote. Kapteni mbele, kwa sababu ndiye mwenye nguvu. Fundi nyuma yake, kwa sababu naye ana nguvu. Halafu wengine. Mwisho kabisa mimi, pamoja na binti mmoja wa chuo aliyejiunga nasi mwezi Machi. Mfuko wa vifaa, yaani pampu, tyubu za akiba, viraka, solusheni ya kubandikia viraka na spana, alikuwa nao fundi. Nani mwingine angebeba vifaa kama si fundi? Sote tisa tuliona ni sawa, nami nikiwemo.

Kupanda mlima na mzigo kuna adabu yake, na mimi niliipata kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Unashuka kwenye gia ndogo kabla mlima haujakudai. Ukingoja mpaka miguu ishindwe ndipo ubadilishe, mnyororo unalalamika na pengine unaruka. Unakaa kitini, huinuki. Unapumua kwa kiasi cha kuweza kuzungumza; ukiona huwezi kumaliza sentensi, umezidisha. Binti alikuwa anainuka kila kona, anakanyaga kwa hasira, halafu anasimama na kuhema. Nikamwambia, "Mwanangu, tuzungumze." Akanisimulia habari za chuo, mkopo uliochelewa, kijana mmoja wa mwaka wa tatu. Kila alipokata maneno nilijua tumekaza mno, tukapunguza. Tulipanda hivyo saa nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yule kijana wa mwaka wa tatu sasa namjua kuliko ndugu zake wanavyomjua.

Hapa niseme jambo ambalo wanaume wakiandika safari zao huwa hawaliandiki. Barabara iliyochongwa kwenye mwamba haina kichaka. Mwanamke akibanwa na haja ndogo hana pa kwenda. Zile kanga mbili zilizomfanya Kapteni acheke wakati wa kupakia ndizo zilizotustiri: moja anaishika mwenzako kama pazia, ya pili unajifunga. Baadaye kanga hizohizo zilikuwa taulo, shuka, kivuli cha shingo, kishikio cha sufuria ya moto, na usiku mmoja zilikuwa mto. Uzito wake ni mdogo kuliko wa spika ambayo Kapteni alikuwa ameifunga kwenye usukani.

Hiyo spika ndiyo ilituponza. Tulikubaliana hakuna muziki masikioni. Hakuna aliyesema habari ya muziki kwenye usukani.

Kabla ya Soni, tairi la nyuma la binti likaisha upepo. Kipande cha waya, kile kinachotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, kilikuwa kimezama kama sindano. Nikampigia fundi simu. Inaita tu. Nikampigia Kapteni, inaita tu. Walikuwa kona nyingi juu yetu, wanapanda na bongo fleva. Nikampa mwendesha bodaboda aliyepita shilingi 2,000 awafikishie ujumbe. Sina hakika alisema nini huko, kwa sababu waliupokea kama "wale mama zenu wamepumzika", wakafurahi, nao wakakaa kupumzika.

Tulisubiri saa moja na dakika arobaini. Mwanzoni tulicheka. Kisha binti akaanza kusema kwamba asingekuja, kwamba anatuchelewesha, kwamba yeye si wa mambo haya. Akalia kidogo. Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo kuhusu nafsi yangu.

Ndipo akapita mzee mmoja na panga lake, anatoka shambani, gunia la majani ya mifugo begani. Tukamwamkia, akaitikia, akasimama kulitazama tairi.

"Hamna kiraka?"

"Kiko mbele, mzee. Na wenzetu."

"Sasa kiraka kiko mbele na shimo liko nyuma?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa utaratibu wa wageni. Kisha akatua gunia, akatwambia tutoe tyubu, akachukua majani yake kwa mkono na kuanza kuyashindilia ndani ya tairi, mafungu kwa mafungu, akiyasokota kama anayesuka kamba. Alituambia kwamba enzi za baiskeli za Foniksi, wakati tyubu zilikuwa adimu, watu walitembea hivyo hadi sokoni. Tairi likajaa, likawa na manundu, lakini rimu ikainuka kutoka chini. Huwezi kuendesha mbali wala kwa kasi. Gurudumu linaruka kama punda. Ila unaweza kusukuma baiskeli yenye mzigo bila kuharibu rimu, na palipo tambarare unaweza hata kupanda. Nilitaka kumpa chochote, akakataa, akachukua gunia lake na kwenda zake.

Tulifika Soni tukiwa na tairi la majani, na kundi lote likaangua kicheko. Walikuwa wamekaa karibu na maporomoko, wamekula karoti mbichi walizonunua barabarani, wamepoa kabisa. Mimi sikucheka. Nilisema maneno ambayo mengine sitayarudia hapa, lakini kiini chake kilikuwa kile cha mzee: vifaa vimekaa kwa watu wasiovihitaji. Anayepata pancha akiwa mbele, wote walio nyuma yake watamkuta. Anayepata pancha nyuma hakutwi na mtu. Kapteni akajibu kwamba kama tungeongeza mwendo tusingeachwa. Mwenzetu wa Bumbuli akaingilia kati, akasema kwamba kwao wageni hawagombani barabarani, tufike kwanza. Fundi aliziba tyubu kimyakimya, kwa haraka na kwa aibu, akavirudisha vitu vyake kwenye mfuko. Kumbukeni hiyo haraka, nitairudia.

Lushoto tulifika alasiri, tukapita katikati ya mji bila kusimama sana. Ni mji mdogo wenye mikaratusi mirefu na majengo ya zamani. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na ukiusikia ubaridi wake unaelewa kwa nini walioungua na jua la Tanga walikimbilia huku. Tulipiga kambi Irente, kilomita chache kutoka mjini, kwenye shamba lenye eneo la kambi. Wanauza mkate, jibini na jamu wanazotengeneza wenyewe, na nikiwa mweka hazina nakiri kwamba bajeti ya siku tatu ya vitafunio iliisha jioni ile.

Kisha jua likazama.

Mtu wa Pwani hajui Julai ya Lushoto. Anaambiwa kuna baridi, anabeba sweta moja. Usiku ule simu yangu ilionyesha nyuzi 9, na ninavyoamini simu ilikuwa inatuonea huruma. Kosa letu halikuwa kwenye blanketi. Wengi tulikuwa na kitu kizito cha kujifunika. Kosa lilikuwa chini. Ardhi ndiyo inayokunywa joto la mtu, na shuka lililokunjwa mara mbili juu ya turubai halizuii kitu. Saa nane usiku nilisikia zipu za mahema zikifunguka moja baada ya nyingine, watu wakatoka kama wafu siku ya kiyama, tukajikuta sote tumeuzunguka moto uliobaki. Kapteni, mwanamume wa futi sita, alikuwa amevaa soksi mikononi.

Usiku wa pili tulikuwa na akili. Tuliomba maboksi ya karatasi madukani, tukayakunjua na kuyatandika chini ya kila mkeka. Tulichemsha maji, tukayatia kwenye chupa ngumu za kunywea, tukazifunga ndani ya soksi na kuziweka miguuni. Tulikula ugali na maharage muda mfupi kabla ya kulala, si saa kumi na mbili kama usiku wa kwanza. Na tuliacha kufunga mahema gubigubi: usiku wa kwanza tulikuwa tumeziba kila tundu kwa hofu ya baridi, pumzi zetu zikageuka maji kwenye paa la hema na kutudondokea alfajiri kama mvua. Ukiacha tundu juu, unalala mkavu, na mkavu ana joto kuliko aliyezibwa. Nililala hadi jogoo wa tatu.

Katikati ya usiku hizo mbili kulikuwa na Jumapili, siku ya Magamba.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko juu ya Lushoto, ina zaidi ya hekta 9,000 za msitu, na inasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Tuliacha mizigo kambini, tukapanda na baiskeli tupu hadi getini, tukalipa, tukapewa kijana wa kutuongoza. Tulidhani mwongozaji ni wa kutuonyesha njia. Kabla hatujaingia msituni alitupanga mstari, akatazama viatu vyetu, akauliza, "Nani kati yenu anatembea polepole kuliko wote?"

Kimya. Halafu macho ya wote wanane yakanigeukia. Binti alijaribu kuinua mkono kwa ajili yangu, Mungu ambariki.

"Mama, njoo hapa," akasema. "Wewe utakaa nyuma yangu. Wengine wote nyuma ya Mama. Hakuna kumpita."

Nilihisi joto usoni. Maisha yangu yote ya baiskeli sijawahi kuwa mbele. Hatua za kwanza nilikwenda mbiombio ili nisiwachukize walio nyuma yangu, mwongozaji akageuka akaniambia taratibu, "Mama, mwendo wako. Si wao." Basi nikatembea mwendo wangu. Nilipotaka kusimama nilisimama. Na nililoliona, ambalo sikulitarajia hata kidogo, ni kwamba nilisimama mara chache kuliko siku zote. Kumbe mkiani huwa nachoka kwa kukimbiza. Kundi la mbele likipumzika dakika kumi, mimi nawafikia wakati wanainuka. Wao wamepumzika, mimi sijapumzika, tunaondoka. Ni miaka mitatu naendesha na kikundi hiki na sikuwahi kuipiga hesabu hiyo, mimi mwenye kazi ya hesabu.

Msitu wenyewe, siwezi kuueleza ukatosha. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, milima ya kale sana, na viumbe vyake vingine havipatikani mahali pengine duniani. Tulipita chini ya mikulo, miti ya mbao iliyokatwa sana zamani hadi ikawa ya kutafutwa, na magome yake yananukia ukiyakwangua. Kangaga zenye urefu wa mnazi mchanga. Ukungu ulioingia na kutoka kama mtu mwenye shughuli zake. Kwa kuwa tulikwenda taratibu hatukuwa na kelele, na kwa kuwa hatukuwa na kelele mbega hawakutukimbia: familia nzima, meusi kwa meupe, mikia kama pindo za pazia, wakituangalia kutoka juu huku wanatafuna.

Kinyonga alikuwa kwenye kijiti usawa wa kifua changu. Pembe mbili puani, kimo cha kidole. Mwongozaji akatueleza kwamba wataalamu walipotenga jamii hii ya vinyonga mwaka 2006 waliipa jina la kisayansi Kinyongia, wakaokota neno letu na kulivisha suti. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Fundi, ambaye ana nguvu za kuinua injini, alisimama hatua kumi nyuma akidai anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chake hakikuwa na kamba.

Kuhusu viatu: watatu walikuwa na viatu vya baiskeli vyenye chuma chini, na kwenye mizizi yenye unyevu walikuwa wanateleza kama wako kwenye ukumbi wa dansi. Raba za kawaida za sokoni zilifanya kazi nzuri. Kama safari ina baiskeli na kutembea pamoja, beba kiatu kimoja cha kutembea ambacho unaweza pia kukanyagia pedali, usifanye kinyume chake.

Tulirudi getini saa moja kabla ya muda aliotukadiria mwongozaji. Kapteni alikuwa amekaa kimya njia nzima, nami nilijiandaa kwa malalamiko. Usiku ule, karibu na moto, akasema, "Kesho mimi nafunga mkia." Hakueleza. Akamwomba fundi mfuko wa vifaa, akaufunga kwenye baiskeli yake. Spika akaitia ndani ya begi.

Jumatatu asubuhi tulitembea hadi genge la Irente. Unasimama ukingoni, na nchi inaondoka chini ya miguu yako: Mazinde chini kabisa, barabara kuu kama uzi, mashamba ya mkonge yamechorwa kwa rula, kisha mbuga hadi macho yachoke. Tulipiga picha, tukanywa chai, tukashuka kufunga mahema. Ningeweza kuandika zaidi kuhusu pale, ila nilikuwa nawaza breki.

Kushuka kunawadanganya watu kwamba kazi imekwisha. Kilomita 33 za kuteremka, mtu na baiskeli na mzigo vinakaribia kilo mia, na uzito wote huo unazuiwa na vipande vya raba vidogo kuliko biskuti. Ukibinya breki mfululizo, rimu inapata moto. Nilishawahi kuigusa nikaacha ngozi. Joto hilo linakwenda kwenye tairi na tyubu, na tyubu inaweza kupasuka, au gundi ya kiraka ikalainika. Wenye breki za diski nao wasijione, diski zikichemka breki zinalegea. Kinachosaidia ni kubinya kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kuachia, kubinya tena, mbele na nyuma kwa zamu, na kusimama kila baada ya kilomita kadhaa upoe wewe na ipoe rimu. Tulikubaliana kuachiana nafasi kubwa. Wepesi walitangulia, maana kwenye mteremko hutaki mtu mwepesi akutokee nyuma konani. Mimi na binti tukawa wa pili kutoka mwisho. Kapteni nyuma yetu.

Baada ya Soni nikamsikia anaita. Tukasimama. Tairi lake la mbele lilikuwa limelala. Alikuwa anashuka kwa mwendo wetu, mwendo ambao hajauzoea, akabinya breki njia nzima asitugonge, rimu ikachemka, na kiraka cha zamani kikafumuka. Akacheka, akasema, "Tangulieni, vifaa ninavyo mimi. Dakika kumi nawafikia." Nikamtazama binti, binti akanitazama. Tukatangulia.

Mombo tulikuta Kosta na wenzetu sita, sahani zimeshaagizwa. Nikahesabu watu. Wanane. Dereva akaanza kupandisha baiskeli juu ya keria. Nikahesabu tena, ugonjwa wa kazi, wanane. Nusu saa ikapita. Nikapiga simu, haipatikani. Fundi akawa anakuna kichwa, na baadaye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pale Soni, siku ile ya Jumamosi, kwa haraka, hana hakika kama alifunga kifuniko cha solusheni. Na tyubu za akiba? Zote mbili alikuwa amezitoa Jumapili kuwabadilishia wengine, akakusudia kununua Lushoto mjini, akasahau.

Solusheni isiyofungwa inakauka ndani ya siku moja. Inabaki bomba la bati lenye kipande cha mpira ndani.

Tulishaanza kujadili nani arudi na bodaboda kumtafuta, ndipo tukamwona anatokea kwenye lami, upande wa mlimani. Hakuwa anaendesha. Alikuwa anasukuma, amelowa jasho, vumbi hadi kwenye nyusi, kanga yangu moja iliyoanguka kwenye mzigo bila mimi kujua imefungwa shingoni mwake, chupa ya maji ya mtu mwingine kwenye mfuko, na soksi moja isiyo na mwenyewe imening'inia kwenye usukani. Gurudumu la mbele lilikuwa linaruka kidogo kila lilipozunguka. Alipokaribia nikaona kwa nini: majani mabichi yalikuwa yamechomoza pembeni mwa rimu, huku na huku, kama ndevu.

Hakuna aliyecheka. Akaegemeza baiskeli kwenye Kosta, akakaa kwenye benchi ya mama ntilie, akanywa soda nzima bila kuitua.

"Mama Hazina," akasema alipopata pumzi, "yule mzee wako anashindilia kuanzia upande gani? Mimi yangu yanatoka."